Gauni Ambalo Halikufika Idi Hii

Wete, Pemba
Sikukuu ya pili, mchana, duka limefungwa

Kwa dada yangu na mama yangu wa pili, Bi Mwanahawa,

Shikamoo dada. Namshukuru Mola aliyetufikisha mwisho wa mfungo tukiwa na pumzi zetu. Huku tunakula na tunalala. Mke wangu Raya mguu wake umepungua kuvimba, na kifua changu kimetulia tangu mvua za mwanzo zilipoliangusha vumbi. Hofu yangu ni juu yako. Macho yanaendeleaje? Katika barua ya mwisho uliyomwandikisha Mwanaidi ulisema siku hizi unauramba uzi mara tatu ndipo uingie kwenye tundu la sindano. Usiyachoshe, dada. Na paa la jikoni je, shemeji ameshaliezeka, au bado anangoja makuti yaje yenyewe kwa miguu?

Najua kifurushi umekifungua kabla ya kusomewa barua hii, kwa kuwa nakujua. Umekuta nini? Kitambaa, kamba nyeupe, na karatasi iliyochorwa. Gauni hakuna. Hii ni miaka kumi na minane niko huku, na hujapata kuvaa Idi bila gauni langu, na mwaka huu Idi imekupita hivi hivi. Utasema nimefilisika, au naumwa na unafichwa, au Raya amenikataza. Hakuna hata moja. Nililonalo naona haya kuliandika, lakini nimwambie nani mwingine? Wewe ndiye uliyenishikisha sindano nikiwa bado naota meno. Basi kaa kitako, Mwanaidi akusomee taratibu, na akifika penye aibu ya mjomba wake asiruke.

Dada, nimeingiwa na wivu. Si wivu wa mke. Ni wivu wa kazi, tena juu ya msichana wa miaka ishirini ambaye hajapata kuniita ila "fundi", kwa heshima zote.

Yalianza mwezi wa Rajabu. Tajiri wangu, Bwana Gulamali, huyu mwenye duka la vitambaa ninayekaa barazani kwake na cherehani yangu, aliniita ndani akanipa chai ya maziwa. Nikajua kuna jambo, maana chai yake siku zote ni ya rangi. Akaniambia wako wasichana wawili wa hapa Wete wamerudi kutoka mjini Unguja, wamemaliza miaka miwili ya darasa la ushoni. Wamesomea kukata na kushona, na zaidi ya hayo wamesomea kubuni mitindo, na wamepewa shahada. Mwalimu wao amewaandikia wenye maduka ya nguo hapa, mmoja mmoja, akiwaomba wawape pa kuanzia, wasije wakarudi majumbani wakazikunja shahada zao sandukuni pamoja na udi. Wenzake wamekataa. Yeye amekubali.

"Kushona wanajua," akasema. "Duka hawalijui. Bei hawajui, mteja hawamjui. Wewe, fundi, wafundishe duka. Mpaka Idi. Nguo zao zikitoka, chumba cha nyuma chao. Zisipotoka, natia mchele."

Nikasema inshallah, na moyoni nilifurahi, wallahi sikudanganyi. Unajua sikujaaliwa mtoto. Nikaona Mungu ameniletea wanafunzi mvi zikiwa zimeshatokeza.

Barazani kwa wanaume wasingeweza kukaa, kwa hiyo nilitundika pazia zito baina ya duka na chumba cha nyuma, na mlango wa uchochoroni tukauzibua ili wanawake waingie kwa huko. Mimi mbele na cherehani yangu, wao nyuma na zao mbili. Mmoja anaitwa Biubwa, huyo mkono wake uko kwenye kutarizi na kinywa chake kiko kwenye kicheko. Wa pili ni Zuwena. Huyo hacheki ovyo. Ana daftari, anachora humo kwa penseli gauni tupu, bila mtu ndani, na ukiliangalia unamwona mtu wake.

Niliwafundisha kwa dhati, tukisemezana kwa kupitia pazia. Mteja akikishika kitambaa mara mbili, mnyamazie. Akikishika mara ya tatu, taja bei. Usimwambie mwanamke rangi hii imekupendeza mbele ya mwenzake, utauza moja utapoteza mbili. Anayesema "nitarudi", mkatie kipande kidogo aende nacho, kitamrudisha chenyewe. Biubwa alikuwa akicheka, na Zuwena nilikuwa nikiisikia penseli yake ikiandika.

Nikawafundisha na habari za nguo ya kipimo. Unaijua kazi yetu, dada. Mwanamke wa watu simgusi wala simwoni. Ananiletea gauni lake la zamani limefungwa ndani ya kanga, hilo ndilo kipimo. Nalitandika juu ya kitambaa, nakata. Lakini nguo ya kipimo haisemi kweli yote. Moja imeruka, imekuwa ndogo kwa kufuliwa na maji ya moto. Nyingine ni ya dada mtu. Nyingine mwenyewe amenenepa tangu aishone na hataki ijulikane. Hiyo ndiyo elimu yangu: nyumba hii ongeza vidole viwili, nyumba ile punguza kimoja kwapani. Haikuandikwa popote, iko kichwani mwangu. Basi kila kipimo kikija, Zuwena huuliza nyuma ya pazia, "Na hii, fundi, ina habari gani?" Nami natiririka. Hii ya nyumba fulani, mama alishona mwaka wa mafua makubwa, binti aliposwa akiwa ameivaa, ongeza viwili. Nilisimulia nyumba baada ya nyumba kama msomaji wa nasaba. Nilijiona mtu, dada.

Kisha nguo zao zikaanza kutoka.

Mwezi wa Shaabani walishona magauni sita ya poplini, tayari tayari, bila mteja wala kipimo. Nilimwambia Gulamali hayatanunuliwa, nani atanunua nguo asiyojua imeshonewa nani? Yakatundikwa nyuma kule, na wanawake wakawa wanaingia uchochoroni na kuyajaribu. Kujaribu! Nguo inavaliwa kabla haijanunuliwa, na Zuwena, kwa ninavyoambiwa, anapiga magoti na pini mdomoni, anabana hapa, anaachia pale, juu ya mwili wa mwenyewe. Adhuhuri ya siku ya tatu hayakubaki.

Na mimi je? Zamani hakupita mwanamke mbele ya baraza yangu ila atasimama na buibui lake, "Fundi, hujambo? Nguo yangu lini?" Sasa wananipita kama nguzo. Wanakata kona, wanaingia uchochoroni, na punde nasikia vicheko. Sijui kwa nini, dada, kicheko cha nyuma ya pazia kinauma kuliko tusi la usoni. Nilikuwa nikisimamisha cherehani nisikilize wanachocheka. Siku moja nikasikia, "Hebu kitie rinda moja hapa," na wote wakasema "Aaa!" kwa pamoja, kama watu waliofunuliwa siri. Rinda moja tu! Mimi nimetia marinda maelfu, hakuna aliyeniambia aaa.

Nikaanza kutafuta makosa. Wanakata kwa karatasi kwanza, nikasema ni uvivu. Mkasi wao mwepesi, nikasema utavunjika. Kisha Gulamali akaagiza kutoka Mombasa sanamu ya kuvalishia nguo, kiwiliwili cha mwanamke bila kichwa wala mikono, akakisimamisha nyuma ya kioo cha duka na kukivisha gauni la Zuwena, la rangi ya zabibu, kiuno kimekaa, marinda yanashuka kama maji. Watu wakasimama barabarani kuangalia. Mimi miaka yote hii nguo yangu haijakaa kwenye kioo kile hata siku moja. Kioo kile kilikuwa cha kupangia mikebe ya biskuti.

Hapo nikaikumbuka dini. Astaghfirullahi, nasema kweli tupu: nikajifanya ni dini inayonikera. Nikaenda kwa Shehe wetu baada ya sala ya alasiri, nikamwambia dukani kumeingizwa sanamu, nayo ni haramu, na mimi siwezi kukaa karibu nayo. Akaniuliza, "Ina kichwa?" Nikasema haina. "Ina roho?" Haina. Akapangusa miwani yake. "Basi fundi, wewe unavyo vyote viwili. Kaviangalie hivyo."

Nilirudi nikipita njia ya nyuma.

Ramadhani ikaingia, na kazi ya Idi unaijua ilivyo. Karafuu za mwaka huu zilikuja vizuri, kila nyumba inataka nguo. Kumi la kwanza likiwa linaisha, kikaja kifurushi kutoka kwa Bi Khole wa Limbani. Huyu ni mteja wangu wa tangu siku nilipoteremka hapa. Binti yake Nasra ameolewa majuzi, na hii ni Idi yake ya kwanza mbele ya mama mkwe, kwa hiyo gauni hili lingekaguliwa kuliko bibi harusi mwenyewe. Kitambaa kilikuwa atlasi ya rangi ya komamanga, ameletewa na mjomba wake kutoka safari, kipande kimoja tu, kikiharibika hakuna kingine. Na ujumbe ukaja pamoja nacho: "Ashone yule binti. Mtindo wa kwenye kioo."

Mimi niliyemshonea huyo Nasra gauni la kuanzia chuo cha Kurani.

Ndani ya kanga kulikuwa na nguo ya kipimo, ya kijani. Naijua ile nguo kama kiganja changu. Imeruka, ni nguo inayodanganya, na kwa nyumba ile mimi huongeza vidole vinne kifuani kila mwaka. Ukiikata ilivyo, mvaaji hapumui. Nikaipitisha chini ya pazia.

Zuwena akauliza kama kawaida yake, "Na hii, fundi, ina habari gani?"

Nikasema, "Hii? Hii haina habari. Nguo tu."

Dada, nilikuwa nimefunga. Ulimi mkavu kwa swaumu, na ndio uliosema hayo. Nilikuwa nimeshaona mbele yote: atlasi inakatwa ndogo, Bi Khole analia kwa kitambaa chake, Nasra anaaibika ukweni, Gulamali anatia mchele, pazia linashuka, na wanawake wa Wete wanarudi kusimama barazani, "Fundi, hujambo?" Nilisali tarawehe usiku ule safu ya mbele, na sikuisikia hata aya moja.

Siku mbili atlasi haikukatwa. Nikasikia Zuwena akijifunga buibui, akatoka na shangazi yake kwa mlango wa uchochoroni, akarudi baada ya alasiri. Sikujua alikokwenda wala sikuuliza. Siku ya tatu nikaisikia mikasi ikipita kwenye atlasi, ile sauti yake laini, na moyo wangu ukawa kama wa mwizi aliyesikia hodi.

Kumi la mwisho Bi Khole akaja mwenyewe na Nasra kulichukua gauni. Mimi nilikuwa naunga ukosi wa kanzu. Nikapunguza mguu kwenye cherehani, nikangoja kilio.

Kwanza nikaisikia atlasi ikichakarika ikivaliwa. Kisha Bi Khole, "Subhanallah. Geuka. Hebu geuka tena."

Nikangoja.

"Basi wanangu, mkesha wa Idi hii miye nalala."

"Kwani kila Idi hulali, Bi Khole?" Biubwa huyo.

"Nilale na kazi ya kubana nampa nani? Fundi wetu hutushonea gunia. Anaongeza vidole vinne, miye nakaa na sindano navitoa vitatu. Kimoja ndicho cha haki."

"Bi Khole! Fundi yuko hapo nje!"

"Ah, kwani namtukana? Ntu mwema yule, ntu wa sala, tena mgeni wetu. Nani awe na uso wa kumwambia? Wala si miye peke yangu. Mji mzima huu tunabana."

Dada, sindano iliniingia kidoleni mpaka ikagusa ukucha na sikuhisi. Mji mzima huu tunabana. Nilikaa nikiitazama kanzu ya watu ikiingia tone la damu. Ndipo nikaelewa Zuwena alikwenda wapi siku ile: alikwenda Limbani, akaingia chumbani, akampima Nasra kwa mikono yake, kitu ambacho mimi nisingeweza hata nikiishi miaka mia. Na nikaelewa jingine chungu zaidi. Ile siri niliyomficha ili aharibikiwe, hata ningempa isingemfaa. Vidole vitatu katika vile vinne vilikuwa uongo wangu mwenyewe.

Nikaenda nyumbani mapema. Raya alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi ya futari.

"Raya," nikasema, "wanawake wa hapa wanazibana nguo zangu?"

Mbuzi ikanyamaza. "Nani kakwambia?"

Mtu asiyejua husema, "Zinabanwa?" Yeye aliuliza nani kakwambia. Nikamuuliza, "Na wewe?" Akapangusa mikono kwa upande wa kanga, akainua mkono, akanigeuzia kwapa la gauni lake. Mshono wangu wa uzi mweusi uko pale, umenyooka kama wa chuma. Na ndani yake, vidole viwili mbele, mshono mwingine wa mkono, wa uzi wa hudhurungi, wa michomo midogo midogo.

"Tangu lini?"

"Tangu la harusi."

"Mbona hukunambia?"

"Ulikuwa ukiniangalia nikivaa kwa furaha. Ningesema nini?" Akarudi kwenye nazi yake. Baadaye akasema bila ya kunitazama, "Wivu wako juu ya yule mtoto nauona tangu Shaabani. Nilidhani utapita wenyewe, kama kipele."

Gauni lako, dada, lilikuwa tayari limeshashonwa, liko kwenye sanduku, linangoja mtu wa kulipeleka Tanga. Nikalitoa. Nikatoa na lile la buluu ulilonipa siku naondoka, ulilosema, "Hili ndilo kipimo changu, usinisahau." Nimelikatia hilo miaka yote. Na kila baada ya miaka michache nilikuwa nikiongeza kidole kimoja, nikihesabu umri wako na uzazi wako, nikisema sasa dada yangu amejaza kidogo. Nilijua mwili wako kwa hesabu. Nikaliinua lile jipya mbele ya dirisha: makwapa yake yangepitisha kichwa cha mbuzi. Nikalirudisha sandukuni. Sikuweza kulituma.

Siku mbili kabla ya Idi Gulamali akaniita tena ndani. Chai hakuna, tumefunga, lakini sauti yake ilikuwa ya chai ya maziwa.

"Nguo zimetoka, nimeona," akasema. "Lakini mchele wa ndugu yangu umefika, anakitaka chumba. Na maneno nayasikia: wasichana dukani, wasichana dukani. Siasa za siku hizi, watu wanasusia maduka, wanatafuta sababu ya kutoingia dukani kwangu. Wewe mtu wa msikiti, fundi. Ukisema hawa ni sawa, watu watanyamaza. Ukisema si sawa, natia mchele. Neno lako nafuata."

Fikiria, dada. Neno moja, tena neno la dini, hakuna ambaye angeniuliza. Magauni yote ya Wete yangerudi kwenye meza yangu, na mji mzima ungerudi kubana. Na wale watoto wangekwenda na shahada zao kwenye sanduku la udi. Nikamwomba anipe mpaka kesho. Usidhani nilikuwa namsubiri Mungu aniongoze. Nilikuwa nalitamani lile neno. Lilikaa mdomoni mwangu usiku kucha kama tende.

Asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, nikasimama mbele ya pazia.

"Zuwena."

"Labeka, fundi."

"Ile nguo ya kijani ya Bi Khole. Nilijua inadanganya. Nilinyamaza makusudi. Nilitaka uikate mbovu ufukuzwe."

Cherehani ya Biubwa ikasimama.

"Nilijua, fundi," akasema Zuwena.

"Ulijuaje?"

"Kila nguo ya kipimo umetupa habari zake, mpaka aliyeposwa akiwa ameivaa. Hii peke yake ukasema haina habari. Nikasema basi hii ndiyo yenye habari kubwa. Nikaenda kwa mwenyewe."

"Na hukumwambia tajiri?"

"Ningemwambia nini? Kwamba fundi leo kanyamaza?"

Biubwa akapasuka kicheko, akajiziba mdomo, kikamtoka puani. Na mimi, dada, machozi yalikuwa yameshanifika kidevuni, nikajikuta nacheka nayo.

"Nisamehe, mwanangu," nikasema. "Mwezi huu usitoke na deni langu kwako."

"Nimekusamehe. Ila usininyamazie tena. Siye kupima tunajua, fundi. Kuuza kunataka kumjua ntu, na watu unao weye. Juzi yule mama wa bandarini nilimuuza kwa habari zako tu, mwili wake hata sijaugusa."

Nikaenda kwa Gulamali nikamwambia waache, ni watoto wema, mlango wao ni wa wanawake na pazia lao ni zito kuliko la nyumba nyingi hapa, na yeyote mwenye neno aje aniulize mimi msikitini. Na mchele, ndugu yake akautie kwake. Akacheka. Akaniuliza, "Na wewe fundi?" Nikamwambia mimi nina kanzu. Mwanamume naweza kumpima.

Sasa ungetaka nikwambie kwamba moyo umetakata. Hapana. Jana watu walipotoka kwenye sala wakamiminika kwenye uwanja wa sikukuu, na kila nikigeuka naona pindo la Zuwena likichungulia chini ya buibui, na najua ndani viuno vimekaa, mabega yamekaa, na hakuna aliyekesha na sindano. Nilitaka kuhesabu nikaacha, maana kifua kilikuwa kinanibana. Dhambi nimesamehewa, dada, lakini wivu bado uko. Ni kama utomvu wa mgomba kwenye kanzu: unafua, unaanika, doa liko pale pale, na msikitini unakwenda nayo hivyo hivyo.

Nimalizie sababu ya kifurushi. Zuwena amesikia habari zako, kwa kuwa siwezi kunyamaza. Akaniambia, "Fundi, niachie miye nimshonee dada yako." Nikamwambia hapana. Hata Gulamali angenipa duka lote, hapana. Dada yangu namshonea mwenyewe. Lakini kukata kwapa nimemwomba anifundishe. Ananifundisha kwa karatasi, anaipitisha chini ya pazia, nakata, narudisha, naye anaichora kwa penseli nilipokosea. Nakosea sana. Biubwa anacheka.

Basi mwite Mwanaidi. Karatasi niliyotia ni mchoro wa Zuwena, umeonyesha pa kupima: bega kwa bega, chini ya kwapa, kifua, kiuno, bega hadi kifundo cha mguu. Kila mahali akupime kwa kamba, akate kipande, na afunge mafundo: bega fundo moja, kwapa mawili, kifua matatu, kiuno manne, urefu matano. Zifungeni zote ndani ya kitambaa hicho hicho, mumpe Nahodha Faki aliyekuletea, anarudi Wete mwisho wa mwezi.

Na jambo la pili, dada. Nitumie pia gauni moja la zamani katika yale niliyokushonea, lolote. Usilifumue ulipobana. Nataka niuone uzi wako. Nimekaa nawaza macho yako hayo, mkesha wa Idi kila mwaka, unauramba uzi mara tatu kwa sababu yangu, na asubuhi unaandikisha barua kwamba gauni limekukaa kama umezaliwa nalo. Kama hukubana, niambie nifurahi. Kama ulibana, niambie pia.

Nisalimie shemeji, na umwambie makuti hayana miguu. Mwanaidi msomaji wetu namwombea mume msomi. Mjulishe hali yangu Maalim aliyetuchapa juzuu zikaingia, kama bado anaona mtu wa kumchapa. Na mama Tunu jirani, aliyekuwa akinipa sukari guru nikikutungia uzi, mwambie bado naikumbuka. Raya anakupa mkono wa Idi, na Zuwena na Biubwa pia, ingawa hamjuani.

Ni mimi mdogo wako, anayekukumbuka kila akishika mkasi,

Fundi Athumani

Nyongeza: Mwanaidi, mjomba anakuomba. Mama yako akisema "legeza kamba kidogo, mjomba wako asije akaona haya", usilegeze. Asiniongezee hata kidole kimoja kwa huruma.